Jibu Langu Kuhusu Kamera Ndogo

Kiogoro,
Jumamosi jioni.

Mwanangu Ombati,

Ukicheka, cheka polepole usiwaamshe wadogo. Barua hii nimeiweka ndani ya kiatu chako cha kulia. Ningeiweka kwenye mkoba ungeiona ukiwa umeshafika Nakuru, lakini kiatu lazima ukivae kabla ya kutoka nyumbani. Nataka uisome kabla hujafika Kisii mjini, na hasa kabla hujalifikia duka la Bwana Jayanti.

Najua mimi nina miaka kumi na sita na wewe ni baba yangu. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyeanza. Mama yako alifariki miezi michache kabla sijazaliwa, nikapewa jina lake, Nyaboke, kama ilivyo desturi yetu Wakisii, na tangu siku hiyo hujaniita jina lingine ila Mama. Ukirudi kutoka shambani unauliza, “Mama amekula?” Ukitaka kwenda safari unasimama mlangoni kama mtoto wa chekechea: “Mama, nipe ruhusa.” Wageni wakishangaa unawaambia, “Huyu ndiye aliyenizaa, mwogopeni.” Mimi huinamisha kichwa na kujificha nyuma ya kitabu. Leo sijifichi. Leo ni mama yako anayekuandikia, na wewe ndiye mtoto anayetoka nyumbani.

Habari za sweta, dawa ya malaria na kuandika kila juma nimemwachia mkeo. Anazo nyingi, ameanza kuzisema tangu Jumatano, na sidhani zitakwisha kabla hujapanda gari. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni kamera.

Siku ya Alhamisi tulipokuwa dukani, Bwana Jayanti alitoa ile kamera kubwa kabatini, akaiweka juu ya kaunta kwenye kitambaa chekundu. Ilikuwa na lenzi ndefu na mkanda mpana wenye maandishi ya njano, na watu waliokuja kununua betri na madaftari wakasogea kuitazama. Akakwambia, “Ombati, sasa wewe ni mtu wa ofisi. Nipe ndogo, chukua kubwa, tumemalizana. Kazi ya ofisi inataka kitu cha kuonekana.” Ukaishika. Ukaipima uzito kwa mkono mmoja, kisha kwa mikono miwili. Niliona mabega yako yanapanuka. Halafu ukanigeukia mbele ya watu wote: “Mama, unasemaje? Ukisema ndiyo, ni ndiyo. Ukisema hapana, ni hapana.”

Mimi nikatazama viatu vyangu.

Ulingoja. Bwana Jayanti akangoja. Mama mmoja aliyekuwa na kuku kikapuni akasema, “Mwache mtoto, ana haya.” Ukanishika begani, ukamwambia Bwana Jayanti utapita Jumapili asubuhi kabla ya gari, utoe jibu. Njiani hukuniuliza tena. Ulisema tu, kama unajisemea mwenyewe, “Ile ndogo haijanikubali. Tangu Marani.”

Nilipolisikia neno Marani sikupata usingizi siku mbili. Sasa nikusimulie habari za Marani. Usininyanyukie kabla sijafika mwisho.

Unakumbuka tulivyoichagua kamera hii. Ile yako ya zamani, uliyoanza nayo kazi mwaka wa tisini na mbili ulipoacha kuchuma majani chai ya watu, ilikuwa imeingia maji na kufa. Mimi nilikuwa nimepata kitabu cha upigaji picha kwenye maktaba ya shule, kitabu kisicho na jalada ambacho hakuna aliyewahi kukiazima. Nilikusomea jikoni ukimenya ndizi. Nikakueleza kwamba kamera ni za namna mbili. Kuna zile zenye kioo ndani: unatazama kupitia lenzi yenyewe, na ukibonyeza, kioo kinaruka na kulia. Na kuna zile zenye dirisha dogo pembeni mwa lenzi. Ukichungulia unaona katikati doa la njano, na ndani ya doa mtu unayempiga picha anaonekana mara mbili. Unazungusha lenzi mpaka wale wawili wawe mmoja. Hapo umempata. Haina kioo cha kuruka, kwa hiyo hailii, na mkono hautikisiki hata mwanga ukiwa hafifu.

Uliacha kumenya. Ukasema, “Mama, hebu rudia hapo pa kutolia.” Nikarudia. Kesho yake tukaenda kwa Bwana Jayanti na kuikuta ikikaa nyuma ya redio, ndogo, nyeusi, ya Kijapani, imekwaruzika pembe. Ni mimi niliyesema “hii.” Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema.

Basi ikaja harusi ya Marani, Jumapili ya kwanza ya kamera hii kazini. Mimi nilibeba mkoba wa filamu. Barabara ilikuwa na vumbi jekundu, na kitabu kilikuwa kimesema vumbi ni adui wa lenzi, kwa hiyo kabla hatujaingia uwanjani nikaifunika lenzi kwa kile kifuniko cheusi. Sikukwambia. Nilidhani utakiona. Kwa kamera yako ya zamani ungekiona mara moja, maana ungechungulia na kukuta giza. Lakini hii dirisha lake halipiti kwenye lenzi. Ulichungulia ukaona bibi harusi vizuri kabisa, doa la njano likaungana, ukabonyeza.

Sasa hili ndilo ambalo hulijui. Mimi nilikiona kifuniko.

Nilikiona ulipofika kama picha ya kumi hivi. Ulikuwa katikati ya uwanja, umepiga goti mbele ya maharusi, na mimi nilikuwa upande wa wanawake. Kati yetu palikuwa na nyasi tupu na macho ya watu wa Marani wote. Nilijiambia nitavuka. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Miguu haikuondoka. Shangazi za bibi harusi walikuwa wameketi mstari wa mbele na wamekwisha kumcheka msichana mmoja kwa jinsi anavyotembea. Nikajiambia utakiona mwenyewe. Viapo vikapita. Cheti kikatiwa sahihi. Keki ikakatwa. Kila ulipobonyeza nilikiona kidole chako kikishuka, kwa sababu nilijua pa kutazama. Ulipokuja kubadilisha filamu nilikuwa nimelowa jasho. Nikachukua kamera, nikakitoa kifuniko kwa kidole gumba, nikakitia mfukoni mwa sketi, nikakupa. Sikusema neno.

Filamu ya kwanza ikatoka nyeupe tupu, kama itokavyo filamu isiyoona mwanga, haina hata kivuli cha mtu. Fundi wa kusafisha picha akasema huenda filamu haikushika meno ya kamera vizuri, haikuzunguka. Ukaamini. Ukasema ni mkono wako. Ulitembea kwenda Marani mara tatu kumwomba radhi baba wa bibi harusi, na mara ya tatu ukaniambia kwamba alikukaribisha chai, lakini bibi harusi mwenyewe alitoka nje asikuone. Vijana wa sokoni wakakuita Mpiga Giza. Ulicheka nao. Nyumbani ukaitundika kamera ukutani na ukawa unaitazama kama ng'ombe aliyekupiga teke.

Mara ngapi nilitaka kukwambia? Nilikuandikia vikaratasi viwili nikavichoma. Kila siku iliyopita iliifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa nisingekuwa naungama kifuniko tu, bali na kimya chote kilichofuata. Hilo ndilo nililojifunza, mwanangu, na nililipata kwa bei ya jina lako. Nilidhani haya ni tabia ya upole isiyomdhuru mtu. Siku ile haya yangu iliwanyima watu wawili picha ya siku yao, na ikakufanya wewe uutilie shaka mkono ambao haukukosa lolote. Kamera haikukataa. Wewe hukukosea. Ilifunikwa, na aliyeifunika alikuwa amesimama pale anatazama.

Umemaliza kukasirika? Kama bado, keti kidogo kitandani, nitakungoja kwenye mstari unaofuata.

Sasa nikukumbushe jambo ambalo unalijua, kwa sababu naona umelisahau. Nikukumbushe kanisa letu siku ya wale wazee.

Mzee yule na mkewe walikuwa wameishi pamoja miaka kama arobaini, kwa ng'ombe wa mahari na kwa wazee wa pande zote mbili, na sasa watoto wao walitaka wabarikiwe kanisani kabla hawajazeeka zaidi. Osoro, mpigapicha mwenzako, ndiye aliyealikwa kupiga picha. Wewe ulialikwa kula. Uliichukua kamera ukutani kwa sababu nilikuomba, na nilikuomba kwa sababu nilishindwa kukwambia ukweli nikaona angalau nifanye hilo. Osoro alikuona mlangoni. Alikuwa amevaa ile fulana yake yenye mifuko kumi na miwili, kamera kubwa kifuani.

“Ee Ombati! Hiyo ni kamera au ni kipande cha sabuni?”

“Ni sabuni,” ukamjibu. “Nimekuja kukuosha.”

Watu wakacheka, lakini niliona umeificha chini ya koti.

Kisha mvua ikashuka. Stima ikapotea, taa zikazimika. Mawingu yakawa mazito mpaka ndani ya kanisa tukawa tunatambuana kwa sauti. Mchungaji akaanza maombi, na Osoro akapiga picha: flashi ikamulika ukuta mzima, na kioo cha kamera yake kikalia kama mlango wa bati. Bibi harusi mzee akashtuka, akamshika mumewe. Mzee Makori, mzee wa kanisa, akasimama pale mbele na fimbo yake, akakataa kwa Kikisii na Kiswahili pamoja.

“Yaya! Yaya! Hapana! Hii ni nyumba ya Mungu, si uwanja wa radi. Zima hiyo kitu.”

“Mzee, nikizima flashi hapa ni giza tu. Hakuna kamera inayoona hapa.”

“Basi isione.”

Osoro akaketi, akafunga lenzi yake. Hapo ndipo nilipokuona ukiinuka. Hukuomba ruhusa kwa sababu hapakuwa na cha kuombea ruhusa. Ulienda ukaegemea nguzo iliyo karibu na meza ya cheti, bega lako limeshikana na mbao, ukavuta pumzi nusu na kuizuia. Mimi nilikuwa nyuma yako. Kitu cha kwanza nilichofanya, na hili pia hulijui, nilinyoosha shingo kutazama lenzi. Ilikuwa wazi.

Yule bibi hakuwahi kusoma. Mjukuu wake alikuwa amemfundisha jina lake kwa miezi, kwa kijiti, kwenye udongo wa uani. Mchungaji akampa kalamu na kumwonyesha mahali, akamwambia kwa upole kwamba kidole cha wino pia kinakubalika. Bibi akasema, “Kidole ni cha kushika jembe. Nipe nafasi.” Mumewe akaishika ile karatasi isiteleze, akaisogezea upande wa dirisha palipokuwa na mwanga kidogo. Bibi akauma ncha ya ulimi. Akaandika herufi ya kwanza. Ilisikika mvua tu juu ya bati. Mzee naye alikuwa ameacha kupumua, midomo yake inaifuata kalamu kama anayeandika yeye.

Kamera yako ikasema “tss.” Hata Mzee Makori, aliyekuwa hatua mbili kutoka kwako, hakugeuka.

Alipomaliza herufi ya mwisho, mumewe akasema kwa sauti, “Kumbe ndivyo linavyofanana!” Miaka arobaini anaishi na jina hilo, hakuwahi kuliona. Watu wakapiga vigelegele mpaka mvua ikasahaulika.

Picha ile ndiyo inayokupeleka Nakuru. Mpwa wa yule bibi, aliyechukua nakala na ambaye anafanya kazi na watu wa kuchapisha vitabu vya shule, hakuandika kwamba wanamtaka mpigapicha mwenye kamera kubwa. Niliisoma barua yao mara nyingi kuliko wewe, naijua kwa moyo. Waliandika kwamba wanamtaka mtu aliyeweza kukaa karibu vile na yule bibi bila kumharibia. Haya, niambie, mwanangu, ungekaaje karibu vile na lenzi ya urefu wa mkono? Ungemleteaje yule bibi mlio ule wa bati wakati anatafuta herufi ya tatu?

Sikatai kwamba ndogo ina kasoro zake. Ukisogea mno, dirisha na lenzi haviangalii mahali pamoja; ndiyo maana mbuzi wa mjomba alitoka bila pembe. Huwezi kumvuta mtu aliye mbali. Lazima utembee umfuate. Lakini nimefikiri sana juu ya hilo la kutembea. Nilidhani ni upungufu. Sasa naona kwamba ndiyo sababu picha zako zinaonyesha watu waliokuona na wakakubali. Osoro huwapiga watu picha kutoka ng'ambo ya barabara. Wewe huwa umeshawasalimia na kuulizia ng'ombe wao.

Najua kinachokuuma. Ni ile siku ya kwanza kazini, mtu akikutazama kifuani na kuona sabuni. Mimi naijua hofu hiyo kuliko mtu yeyote hapa nyumbani. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvuka nyasi za Marani kwa kuogopa shangazi za watu. Kwa hiyo sitakwambia usiogope. Nitakusimulia tu nilichofanya jana, Ijumaa, kisha unihukumu.

Tulipotoka shule nilikimbia. Nilitaka nifike mjini na kurudi kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Duka la Bwana Jayanti lilikuwa limejaa, na Osoro alikuwepo, ameegemea kaunta anakunywa soda. Ile kamera kubwa ilikuwa palepale kwenye kitambaa chekundu, inakungoja. Nikasimama mlangoni. Nikahesabu moja, mbili, tatu, kama siku ile. Safari hii miguu ikaondoka.

“Bwana Jayanti,” nikasema. Hakusikia. Nikasema tena, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, duka zima likageuka. “Ombati habadilishi kamera. Anabaki na ile ndogo.”

Osoro akacheka puani. “Ametuma mtoto? Na kule Marani je? Kamera iliyompigia watu giza ndiyo anakwenda nayo Nakuru?”

“Marani ni mimi,” nikasema. “Nilifunika lenzi bila kumwambia. Kisha nikaona, nikanyamaza. Yeye hakukosea, na kamera haikukosea. Mwambie kila mtu Marani.”

Osoro akaitazama chupa yake. Bwana Jayanti aliivua miwani, akaifuta, akairudisha.

“Ombati mwenyewe amekubali?” akauliza. “Hii ni kazi yake. Wewe ni nani wa kumwamulia?”

Duka lote lilikuwa linaningoja mimi. Hapakuwa na kitabu cha kuweka mbele ya uso.

“Mimi ni mama yake,” nikasema.

Wateja wakalipuka kwa kicheko, lakini si kicheko cha kuuma. Mzee mmoja aliyebeba bati la kuezekea akalitua chini akasema kwa Kikisii kwamba kama nimepewa jina la bibi basi nimesema kweli tupu, na mama akisema, imesemwa. Wengine wakaitikia. Bwana Jayanti ameishi Kisii tangu kuzaliwa, hakuhitaji kufasiriwa. Akaifunga ile kamera kubwa ndani ya kitambaa chake chekundu, akafungua kabati, akairudisha kwenye rafu ya juu, na akageuza ufunguo. Kisha akaniinamia kidogo, kama watu wanavyowainamia kina mama wazee, akaniambia:

“Mama, mwambie mwanao asafiri salama.”

Nimekwambia.

Mama yako,
Nyaboke